Friji ya kampa inazima kila usiku na betri ni mpya (Mombasa)

PwaniBarabarani:
Wadau salaam. Nina HiAce ya dizeli iliyogeuzwa kampa. Niliinunua ikiwa imeshafungwa kila kitu: kitanda, sinki, pampu ya maji, taa, friji ya kompresa ya volti 12, paneli za sola wati 200 juu ya paa, inveta (ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 1000 na betri ya AGM ya ampea-saa 100 nyuma ya kiti cha dereva. Nakaa Bamburi, na safari zangu nyingi ni Kilifi, Watamu na upande wa Tiwi.

Kinachonisumbua ni hiki. Mchana friji inagandisha maji yakawa barafu. Jua likishatua, haifiki saa tatu usiku taa nyekundu inaanza kupepesa kwamba betri iko chini. Kompresa inazima, inajaribu kuwaka, inazima tena, hivyo hivyo mpaka asubuhi. Changu na tafi niliowanunua wabichi ufuoni waliniharibikia wote. Fundi mmoja aliniambia betri imekufa, nikanunua mpya, hali ikabaki ile ile. Sasa fundi mwingine ananiambia betri moja haitoshi, niongeze ya pili. Lakini kontrola ya sola, friji ikiwa imezima, inanionyesha betri ina 12.4. Kabla sijatoa pesa tena naomba mwenye ujuzi anifahamishe.

MwanaLikoni:
Pole ndugu. Achana na AGM, weka lithiamu, utasahau habari za friji.

WayaNaShaba:
Mwenye uzi, pole kwa samaki. Usinunue betri, wala ya AGM wala ya lithiamu. Maneno yako mwenyewe yameshaiondolea betri lawama: ina 12.4 wakati friji inalalamika kwamba umeme hautoshi. AGM iliyotulia ikiwa na 12.4 bado ina zaidi ya nusu ya chaji yake. Ikijaa huwa 12.7 au zaidi kidogo, na ikifika 11.9 hivi ndiyo tupu. Friji haisemi uongo, na kontrola pia haisemi uongo. Kila mmoja anasoma volti za pale alipo, kwa hivyo kuna kitu katikati yao kinachokula volti.

Tafuta mita, hata ile ya bei ndogo inatosha. Usiku, friji ikiwa INAFANYA KAZI, pima kwenye vichwa vya betri vyenyewe. Usipime kwenye klampu, gusa risasi ya betri. Kisha pima kwenye plagi ya friji, kompresa ikiwa bado inanguruma. Tuletee namba zote mbili.

Nasisitiza kompresa iwe inanguruma kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapotea. Chukua mpira wa maji uliokunjika katikati. Ukiziba mdomo wake kwa kidole, presha utakayoisikia ni kamili. Ukiachia maji yapite, yanatoka kwa matone. Kiungo cha waya kilicholiwa na kutu ni vivyo hivyo. Bila mzigo mita itakuonyesha 12.4 kila mahali na utaapa kwamba waya ni wazima.

PwaniBarabarani:
Ahsante fundi. Nimepima usiku huu. Betri, friji ikifanya kazi: 12.4. Plagi ya friji: 11.1.

WayaNaShaba:
Volti 1.3 zimepotea njiani, na hiyo ndiyo maradhi yako. Friji za namna hiyo zikishatulia hula kama ampea 5, lakini kompresa inapoanza kuzunguka huvuta zaidi kwa muda mfupi. Tuseme inavuta mara mbili, basi na hasara inakuwa mara mbili, volti 2.6. Toa kwenye 12.4, friji inabaki na 9.8. Nyingi zimewekwa kukata zikishuka kwenye volti 10 na kitu ili zisimalize betri. Inakata, mzigo unaondoka, volti zinapanda, inadhani mambo yametengemaa, inajaribu tena.

Na ndiyo maana mchana huoni kitu. Jua likiwaka sola inaishika betri kwenye 13.6 au juu zaidi. Toa 2.6, friji inapata 11, inaanza bila taabu. Ubovu uko mchana na usiku, ila mchana sola inaufunika. Betri mpya isingeweza kuusaidia, na mbili zisingeusaidia, kwa sababu betri mbili zikiunganishwa sambamba zinakupa 12.4 ile ile.

Sasa tugawe njia mara mbili. Weka mita kwenye volti, friji ikifanya kazi. Ncha moja kichwa cha chanya cha betri, ncha nyingine kwenye chanya ya plagi ya friji. Utahitaji waya mrefu wa kuongezea mita, tumia wowote. Namba utakayoiona ndiyo iliyopotea upande wa chanya. Kisha fanya hivyo hivyo kutoka hasi ya betri hadi hasi ya friji.

BintiMtwapa:
Fundi, samahani naingilia. Si kupima hivyo kutaleta shoti, kuunganisha chanya na chanya kwa mita?

WayaNaShaba:
La dada, uliza bila wasiwasi. Mita ikiwa kwenye volti haipitishi umeme wa maana, inapima tofauti ya ncha mbili tu. Hatari iko ukiwa umechomeka waya mwekundu kwenye tundu la ampea halafu ukagusa chanya na hasi. Hapo fyuzi ya mita inakatika, na mita isiyo na fyuzi nzuri inaweza kukulipukia mkononi. Kila mara angalia tundu kabla hujagusa.

PwaniBarabarani:
Chanya: 0.3. Hasi: 1.0. Kwa hivyo ni athi?

WayaNaShaba:
Ni athi, yaani njia ya hasi ya kurudi betri. Pwani hii mimi huanzia huko huko. Volti moja kwa ampea 5 ni wati 5 zinazogeuka joto kwenye kiungo kimoja kidogo. Ufuate waya wa hasi wa friji mpaka unapofungwa. Usiuvute, uufuate kwa mkono. Popote utakapokuta kiungo, pima kabla na baada yake. Pale namba inaporuka ndipo penyewe.

PwaniBarabarani:
Wadau, nimefungua mbao chini ya sinki leo asubuhi. Waya mweusi wa friji, wa pampu na wa taa zote zimebanwa pamoja kwa skrubu moja ya mbao iliyotobolewa kwenye bati la bodi, juu ya tao la gurudumu la nyuma. Rangi ya gari haikukwanguliwa, skrubu ndiyo peke yake iliyokuwa inagusa chuma. Pembeni kuna unga mweupe na kijani kibichi, na skrubu nimeizungusha kwa vidole ikatoka. Nimemenya waya kidogo, shaba ndani ni nyeusi. Nimemenya tena, bado nyeusi. Nimefika urefu wa kidole kizima ndipo shaba ikaanza kung'aa.

WayaNaShaba:
Weusi huo uliokuwa ukipanda ndani ya mpira ndio uliokuwa ukikulia samaki. Shaba na chuma vikigusana penye unyevu wa chumvi vinajifanya betri ndogo, na chuma ndicho kinacholiwa. Chumvi nayo hunywa maji kutoka hewani, kwa hivyo hata gari lisilopigwa na mvua linaoza kwa ndani. Kusi likivuma, gari lililoegeshwa karibu na ufuo huamka likiwa na utando wa chumvi, na ule uliofika kwenye waya hakuna wa kuuosha.

Kazi yake fanya hivi, na usifanye kwa haraka. Ondoa kwanza hasi ya betri. Kata waya hadi kwenye shaba inayong'aa, usihurumie. Kama umebaki mfupi vuta mpya. Na kwa kuwa mbao imeshafunguliwa, usiirudishe athi kwenye bodi. Vuta waya wa hasi kutoka friji hadi betri, au hadi kwenye basiba (kipande cha shaba cha kukusanyia waya) iliyo karibu na betri. Bodi ya gari ni ya chuma, na chuma cha pwani hakiaminiki kwa kazi ya miaka. Lagi, yaani vichwa vya kufungia ncha za waya, ziwe za shaba iliyopakwa bati, zibanwe kwa koleo lake, si kwa nyundo wala pilaisi, halafu vika mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Solda peke yake nyuma ya lagi siipendi kwa gari, mtikisiko hukatia waya pale solda inapoishia.

Unene: kutoka friji hadi betri ni mita ngapi?

PwaniBarabarani:
Kama mita 4 nikifuata ukuta. Uliopo umeandikwa 2.5.

WayaNaShaba:
Weka wa milimita mraba 6, chanya na hasi. Shaba ya unene huo kwa mita 8 za kwenda na kurudi inakupotezea kama volti 0.12 kwa ampea 5. Ya 2.5 inapoteza 0.28 hata ikiwa mpya. Dukani kwangua uzi mmoja wa waya kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme vibaya zaidi na huku kwetu inaoza mapema. Rudisha, hata kama ni nusu ya bei.

Tena naomba picha ya betri na inveta, nina shaka.

PwaniBarabarani:
Picha hiyo hapo. Waya mnene mwekundu unatoka betri moja kwa moja hadi inveta.

WayaNaShaba:
Ndugu yangu, nakuomba uondoe waya huo leo, kabla ya habari ya friji. Hauna fyuzi. Inveta ya wati 1000 kwa volti 12 inavuta ampea 83, na ukihesabu joto inalopoteza yenyewe inakaribia 95. Betri yako ikipata shoti inaweza kumwaga mamia ya ampea bila kusita. Waya huo umepita chini ya kiti, juu ya ukingo wa bati. Siku mpira wake utakapochubuka, waya utawaka mwekundu urefu wote, nao umepita chini ya kitanda unacholala. Fyuzi iwe ya ampea 125, ya bolti, kiganja kimoja kutoka kichwa cha chanya, na waya wa milimita mraba 25 wa shaba halisi. Watu huiweka fyuzi karibu na inveta wakidhani wanailinda inveta. Fyuzi inalinda waya, na waya unaanzia betri.

Hili silisemi kwa kutisha. Friji ikizima unapoteza kitoweo, lakini waya usio na fyuzi ni jambo jingine kabisa.

PwaniBarabarani:
Nimeuondoa sasa hivi. Mungu akuzidishie fundi.

MzeeWaFeri:
Vijana, mnasema vizuri. Mimi nina swali langu. Karavani yangu, nikiichomeka kwenye stima ya kambi moja kule kusini, nikiwa miguu mitupu kwenye mchanga uliolowa nikishika kitasa cha mlango, nasikia mwili unasisimka. Mke wangu alirushwa akaangusha ndoo. Mwenye kambi anasema ni baridi ya bati. Nyumbani halifanyi hivyo.

WayaNaShaba:
Shikamoo mzee wangu. Usiichomeke tena pale mpaka tumalize kuzungumza, na nakusihi usimruhusu mtu yeyote kuligusa gari hilo huku amekanyaga chini likiwa limechomekwa.

Si baridi ya bati. Bodi ya karavani imepata umeme wa volti 240, na magurudumu ya mpira yanauzuia usiende ardhini. Wewe, mguu mtupu kwenye mchanga wa maji, ndiye unayekuwa waya wa athi. Mambo mawili yanatokea kwa pamoja hapo: kuna kitu ndani ya karavani kinavujisha umeme kwenye bodi, huenda chaja au hita ya maji, na waya wa athi ambao ungeupeleka ardhini umekatika au haupo kabisa. Nyumbani athi ipo, uvujaji unapelekwa ardhini nawe husikii. Kuvuja bado kunavuja.

Kwa soketi ya kambi, mtu mwenye uzoefu apime kwa mita: laivu (waya wa moto) na nutro (waya wa kurudi) lazima iwe kama 240, laivu na athi vile vile kama 240, nutro na athi karibu na sifuri. Laivu na athi ikitoa namba ya ajabu, 120 au 60, athi ya pale ni tundu tu lisilo na kitu nyuma yake. Bisibisi ya taa haitoshi, inakwambia laivu iko wapi lakini haikwambii kama athi ipo. Pia ekstensheni za waya mbili zilizofungwa plagi ya miguu mitatu ziko nyingi. Mguu wa athi unauona, lakini ndani haukuunganishwa na chochote. Ifungue uangalie.

Kisha ndani ya karavani zima breka zote za umeme, washa kimoja kimoja na upime baina ya bodi na msumari mrefu uliopigwa kwenye ardhi yenye maji. Kitakachopandisha namba ndicho kinachovuja. Na ufungiwe breka ya kukata uvujaji, ya miliampea 30, pale stima inapoingilia karavani. Ubonyeze kitufe chake cha majaribio kila safari. Kikibonyezwa kisikate, breka hiyo haifai.

MzeeWaFeri:
Marahaba mwanangu. Nitaifungua ekstensheni leo.

BintiMtwapa:
Basi na mimi, fundi. Kampa yangu imetoka Japani, soketi za ndani ni za vibapa viwili. Nataka nibadilishiwe soketi za miguu mitatu nitumie birika langu la kawaida.

WayaNaShaba:
Dada, usibadilishe soketi kwanza. Japani stima yao ni volti 100, mashariki kwa hetzi 50 na magharibi kwa 60. Yetu ni 240 kwa hetzi 50. Inveta ya humo karibu hakika inatoa 100, na birika la 240 litapata chini ya robo ya nguvu yake, maji yatachelewa sana kuchemka. Hilo ni dogo. Kubwa ni tundu la nje la kuchomekea stima. Chaja iliyoandikwa AC100V ukiipa 240 inaungua papo hapo. Soma kibandiko cha chaja. Kikisema 100-240 huna shida. Kikisema 100 tu, weka chaja mpya ya 240 au transfoma ya kushusha iliyo kubwa kuliko mzigo. Fundi anayekubadilishia umbo la soketi bila kusoma kibandiko mwambie angoje.

MwanaLikoni:
Fundi, bado nasema lithiamu ni bora. Haishuki volti ovyo.

WayaNaShaba:
Ni betri nzuri, sibishi. Inabaki karibu na volti 13 kwa muda mrefu, na ungemfungia mwenye uzi friji ingewaka. Lakini skrubu ile ingebaki, ikiendelea kuoza na kupata joto nyuma ya mbao, na baada ya muda ingezima tena akiwa ameshalipia betri ghali. Zaidi ya hayo lithiamu inanyonya altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, bila huruma. Altaneta ya gari la kawaida ikifanya kazi kwa nguvu zote kwenye foleni ya Changamwe, bila upepo, inaweza kuungua. Anayetaka lithiamu atie chaja ya betri kwa betri katikati, itakayopima kiasi.

DerevaWaVoi:
Yangu nikiiegesha wiki mbili naikuta imekufa kabisa. Hakuna kilichowashwa.

WayaNaShaba:
Kipo. Angalia traka, redio, alamu, na inveta iliyoachwa kwenye swichi. Inveta isiyo na mzigo inaweza kula ampea nzima, yaani ampea-saa 24 kwa siku. Gari likishalala linatakiwa lisivute zaidi ya miliampea 50 hivi. Usianze kwa kuchomoa fyuzi, utaziamsha kompyuta za gari. Pima milivolti juu ya mgongo wa kila fyuzi ikiwa mahali pake. Fyuzi inayoonyesha sifuri haipitishi kitu. Inayoonyesha namba ndiyo ya kufuata.

PwaniBarabarani:
Wadau, marejesho. Waya za 6 nimevuta, hasi imerudi hadi betri, lagi zimebanwa, fyuzi ya 125 iko mahali pake. Usiku friji ikifanya kazi: betri 12.4, friji 12.2. Imelala inafanya kazi mpaka alfajiri. Vichwa vya betri vilikuwa na unga mweupe, nimeviosha kwa maji ya magadi na kupaka vaselini.

Ila nimeona jambo jingine. Injini ikiunguruma, betri ya mbele (ya injini) ina 14.1 lakini ya nyuma inabaki 12.5. Safari moja ya Voi kulipokuwa na mawingu betri ya nyuma ilifika imechoka, nikadhani ni kwa kukosa jua.

WayaNaShaba:
Hongera kwa kazi safi, na vaselini hupakwa baada ya kukaza, si kabla. Hiyo ya pili ni relei, swichi ya umeme inayounganisha betri mbili. Injini ikiwaka, pima kwenye waya mwembamba unaoiamsha. Ukikuta 12 au zaidi na relei hailii, relei imekufa au athi yake ina ugonjwa ule ule. Usipokuta kitu, fuata waya huo hadi kwenye fyuzi yake.

PwaniBarabarani:
Waya mwembamba hauna kitu. Kishikio cha fyuzi karibu na betri ya mbele kimeyeyuka upande mmoja, fyuzi ni nzima lakini mguu wake hauguswi.

WayaNaShaba:
Badilisha kishikio, weka cha kufunika kisichoingiza maji. Fyuzi iwe ya ukubwa ule ule, usipandishe. Kisha washa injini, washa taa kubwa na feni ya AC hadi mwisho, upime betri ya nyuma. Ikiwa juu ya 13.5 rudisha mbao zako. Ikiwa chini, usirudishe bado, pima kwanza hasara ya waya mnene kutoka mbele kwenda nyuma kwa njia ile ile uliyopima ya friji.

PwaniBarabarani:
13.8 na kila kitu kimewaka. Narudisha mbao.